Mbuzi Saba na Mtama Mwekundu

Dhahabo aliposhuka garini mbele ya nyumba yangu hapa mtaa wa Iftin, Garissa, mwezi uliopita, hakunijia mimi kwanza. Alikongoja hadi kwenye zizi la mjukuu wangu Nasra, akachota konzi ya chakula cha mbuzi kwenye ndoo, akakinusa, akatia punje mbili mdomoni na kuzitafuna kwa upande wenye meno yaliyobaki. Sisi sote tulisimama tukimtazama, na wale mbuzi wanne wa Nasra nao wakamtazama. Kisha akageuka, akaniona, na uso wake ukafunguka. "Kaltuma," alisema, "kumbe hukusahau." Hapo ndipo tulipokumbatiana, vikongwe wawili ambao hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka arobaini, tangu alipohamia pwani kwa wanawe. Tulilia na kucheka kwa pamoja hata majirani wakachungulia wakidhani kuna msiba.

Tulishinda chumbani kwangu siku ile, tumekaa mkekani, sinia la mikate ya anjera na bakuli la nyirinyiri, nyama yetu iliyokaangwa ikakauka, katikati yetu, chai haikatiki. Nasra alikuwa akiingia na kutoka, na kila alipoingia alitukuta tunabishana: kama mbuzi mweusi ndiye aliyevimba tumbo au ni yule mwenye masikio ya kahawia, kama ukuta ulikuwa wa udongo mtupu au ulipakwa chokaa. Mwishowe akaketi. "Ayeeyo," aliniambia, maana ndivyo wanavyomwita bibi hapa kwetu, "mimi nimefundishwa ufugaji wa mbuzi wa maziwa kwenye semina siku tatu. Ninyi mlifundishwa wapi?" Dhahabo alinitazama, nami nikamtazama. Nikamwambia Nasra kwamba semina yetu ilichukua mwaka mzima, mmoja wa ile miaka ya hamsini kabla ya uhuru, na kwamba walimu wetu walikuwa mbuzi saba. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani na malisho yetu yalikuwa wapi, nawaachia wanaume, ambao hawachoki kuzihesabu. Mimi nitasimulia mwaka huo tu, kwa sababu sijawahi kucheka wala kuhangaika kwa kadiri ile tena maishani mwangu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi nilipoletwa mjini Garissa kukaa na shangazi yangu Safiya, ambaye sote tulimwita Eedo. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ambayo ingeweza kumsimamisha ngamia. Nyumba yake ilikuwa karibu na mto: mbele kibanda chetu cha kawaida cha miti iliyopindwa na mikeka, na nyuma yake chumba kimoja cha kuta za udongo alichokijenga marehemu mumewe, ambamo Eedo hakupenda kulala kwa sababu, alisema, nyumba isiyoweza kufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia ni kaburi lenye mlango. Basi chumba kile kilikuwa cha maziwa. Vibuyu vilining'inia ukutani kwa kamba, na asubuhi Eedo alivifukiza kwa makaa ya mti uitoao moshi mtamu, hata leo nikipita palipo na moshi wa namna ile mate hunijaa kinywani. Mbuzi walikuwa saba, wote wa maziwa, na wawili kati yao walikuwa wangu, nilipewa na baba yangu siku nilipoondoka: mweusi niliyemwita Habeen, yaani usiku, na mweupe aliyeitwa Caddey. Eedo aliuza maziwa kwenye mkahawa mmoja wa chai na kwa nyumba chache za watumishi wa serikali. Yaliyobaki tuliyanywa, au tuliyamimina juu ya ugali na kuongeza samli, na hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha jioni, kabla jua halijazama, tukila sinia moja na kusikiliza majirani wakizungumza ng'ambo ya ua.

Jirani wa karibu kabisa alikuwa Mwanaidi, mke wa askari polisi, mwanamke wa Lamu aliyekuja na kuku wake kumi na mmoja na Kiswahili chake kitamu. Ndiye aliyenifundisha lugha hii ninayoandikia. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la Athumani, lakini homa ilimshika Mwanaidi siku ya sita na ilipomwachia, maziwa yake yalikuwa yamekauka. Mhudumu wa zahanati akamwambia atafute maziwa ya mbuzi, ayachemshe, ayapunguze kwa maji yaliyochemshwa. Kuanzia siku hiyo kikombe cha kwanza cha asubuhi na cha jioni, kabla ya mkahawa, kabla ya mtu yeyote, kilikuwa cha Athumani. Eedo hakutaka malipo yake. "Mtoto mchanga ni mgeni wa mtaa mzima," alisema. Nilikuwa nikikipeleka mwenyewe, na Mwanaidi alinikalisha barazani, akanisahihisha maneno huku akimnywesha mtoto kwa kijiko.

Kisha mvua ya Gu, ile mvua yetu kubwa, haikunyesha. Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zao. Mifugo ya ukoo ilihamishwa mbali upande wa Wajir, lakini mbuzi wa mjini hawana pa kuhamia. Niliwachunga kando ya mto tangu alfajiri, nikiwaangushia maganda ya migunga kwa fimbo ndefu, na kila wiki nilikwenda mbali zaidi nikarudi nao wakiwa na njaa zaidi. Viwele vilinywea. Maziwa yaliyokuwa yakijaza vibuyu vitatu yakawa yanajaza kimoja na nusu. Eedo akaukatia mkahawa maziwa, kisha akakata nyumba za watumishi moja baada ya nyingine, na sauti yake ikaanza kupungua, jambo ambalo lilinitisha kuliko ukame wenyewe. Siku moja nilikuwa chumbani nikisugua vibuyu, nikamsikia akizungumza uani na mnunuzi wa mifugo, mtu wa bara aliyekuwa akipita na fimbo yake akiwagusa wanyama mgongoni kama anayechagua viazi. Alitaka wote saba, kwa ajili ya nyama. Eedo aliwatazama mbuzi mmoja mmoja. "Rudi mwezi ukiandama mara ya bili," alimwambia hatimaye kwa Kiswahili chake kisicho na P. "Wakiwa bado hawana maziwa, utachukua." Nilisimama na kibuyu mkononi. Niliwaza Habeen na Caddey, lakini zaidi nilikiwaza kile kikombe cha Athumani.

Usiniulize ni nani aliyenitia wazo la nafaka, maana sikumbuki. Labda ni kwa kuwaona punda wa askari wakila mahindi. Nilipomwambia Eedo alinijia juu. "Watu wanalala na njaa, nawe unataka kumpa mbuzi chakula cha mtu? Nafaka ni ya watu. Mbuzi ana miti." Hakuwa amekosea, na maneno yale yalinichoma kwa sababu niliyajua kuwa ya kweli. Lakini nilikuwa kijana, na kijana akishaona jambo moja haoni la pili. Nilichukua kibaba cha mahindi kutoka kwenye akiba yetu wenyewe, nikakimimina chote mbele ya Habeen. Alikula kama aliyeingia peponi. Kufikia adhuhuri tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limefura kama ngoma, anasaga meno na kunyoosha shingo. Nilipiga kelele. Eedo alitoka mbio na chupa ya mafuta ya ufuta, akamshika taya, akamnywesha, kisha akanikabidhi kamba na kuniamuru nimtembeze. Tulizunguka ule ua, mimi na Habeen, mpaka nyayo zikaniwaka moto, Eedo akitusindikiza kwa maneno ambayo sitayaandika. Alipotoa mbweu hatimaye, kishindo kile kilikuwa muziki masikioni mwangu. Eedo aliketi chini, akafuta jasho, halafu, bila kutarajia, akaanza kucheka. "Umempa karamu ya harusi mtu aliyekuwa na saumu," alisema. Nilijua kwamba hajanifukuza.

Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda nami dukani, ila kwa masharti yake: hatutanunua chakula cha watu, tutanunua kinachobaki baada ya watu kula. Alikuwa amesikia kwamba makapi ya mahindi yaliyokobolewa huitwa pumba na kwamba ni rahisi. Sasa, ulimi wa Kisomali huigeuza P kuwa B na V kuwa F. Eedo alisimama mbele ya kaunta, mtandio umemkaa vizuri, akatangaza, "Nataka bumba." Mwenye duka, Mwarabu mmoja mcheshi mwenye ndevu za hina, akatabasamu, akaingia ndani, akarudi na bumba la tumbaku lililofungwa kwa ukili. Eedo alilitazama. "Hii ni nini?" "Bumba, mama. Tumbaku safi." "Mbuzi wangu hafuti tumbaku!" alisema Eedo kwa sauti ile ya kumsimamisha ngamia, na duka zima likaangua kicheko. Ikabidi niingilie kati na Kiswahili changu cha Lamu, nikalisema neno lile taratibu, midomo nikiibana kama Mwanaidi alivyonifundisha. Mwenye duka alijifuta machozi. Pumba hakuwa nazo nyingi, alisema, lakini alikuwa na mafagio ya ghala, mahindi yaliyomwagika na kufagiliwa, nusu ya bei, na akatuambia wazi kwamba yalikuwa yamenyeshewa. Nusu ya bei! Nilijaza kikapu huku moyo ukiniruka.

Nje ya duka alikuwa ameketi msichana wa umri wangu, mtu wa mtoni, kutoka kwa wale wakulima wanaolima kandokando ya Tana. Mbele yake alikuwa ametandaza gunia na juu yake mafungu ya mtama, meupe upande mmoja na mekundu upande wa pili. Tulipopita aliingiza mkono kikapuni mwangu bila kuniomba ruhusa, akainusa ile nafaka. "Unampelekea nani hii?" aliniuliza. "Mbuzi." "Basi andaa na jembe la kuchimbia kaburi." Alipasua punje moja kwa ukucha, akanionyesha ndani: ukungu wa kijani, kama vumbi. Akaniwekea puani. Harufu ilikuwa ya mkeka uliosahauliwa mvuani. "Ya bei rahisi ndiyo hiyo," alisema. "Mbuzi anakula mara moja, wewe unalia mwaka mzima." Eedo, ambaye hakuwa na mazoea ya kufundishwa na watoto wa watu wa jembe, alivuta pumzi kusema kitu, akainusa mwenyewe, akaniashiria turudi. Tulirudisha kikapu dukani. Msichana yule ndiye Dhahabo.

Nilipotoka nilimuuliza kuhusu mtama wake mwekundu. Akanieleza kwamba mweupe ndio watu wanaoutaka; mwekundu ni mchungu kidogo, ugali wake mzito na watoto wanaukimbia, hata ndege wanauonea kinyaa. Wanaupanda pembezoni mwa shamba tu. "Hakuna anayeugombania," alisema. Nilimgeukia Eedo. Nafaka ambayo watu hawaigombanii! Eedo alitikisa kichwa polepole, lakini hakusema hapana. Tatizo lilikuwa jingine: hatukuwa na cha kutoa. Watu wa mtoni waliyapenda maziwa, maana mbung'o hawawaachi kufuga, lakini maziwa ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta. Dhahabo alifikiri kidogo, akachora chini kwa kidole. "Wewe unajua kutumia kombeo?" Nikamwambia hakuna fisi aliyewahi kunisogelea mara mbili. "Njoo uamie ndege."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Mto ulikuwa umefurika kwa mvua za milimani ambazo sisi hatukuziona, ukaacha tope jeusi, na juu ya tope lile mtama ulisimama ukiwa umekomaa wakati nchi yote nyuma yetu ilikuwa vumbi. Kila alfajiri niliwaacha mbuzi na Eedo, nikaenda kupanda ulingo pamoja na Dhahabo, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea. Ndege walikuja kwa makundi kama shuka linalopeperushwa, nasi tuliwarushia madongo ya udongo, tukapiga madebe, tukaimba, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, wimbo mmoja maneno mawili. Sikuwa nimewahi kukaa juu ya kitu chochote kirefu kuliko ngamia. Kutoka pale niliuona mto wote ukijipinda, na mamba wakiota jua, na kichwani mwangu sikuwa na wasiwasi hata mmoja. Jua likipanda tulishuka kwa mama yake, mwanamke mfupi mpole, aliyetupa uji na ndizi za kuchoma kivulini mwa ghala lake, na nilijifunza pia kushika mchi na kutwanga mahindi yao, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ujira wangu ulikuwa vibaba vya mtama mwekundu, na pumba zote zilizobaki kwenye ungo.

Sasa nilikuwa na vyakula vitatu: pumba, mtama, na kidogo cha mahindi safi ambayo Eedo alikubali tujaribu. Lakini kipi? Sikutaka kuzungushwa na Habeen uani mara ya pili. Niliwagawa mbuzi. Wawili niliwapa konzi ya mahindi, wawili pumba zilizolowekwa, wawili mtama, na mmoja, mzee wao, nikamwachia maganda ya migunga peke yake. Nilikama kila mmoja kwenye kikombe kilekile cha bati, na kila kikombe kilichojaa nilichora mstari wa mkaa ukutani, chumbani mwa maziwa, chini ya kibuyu nilichokifanya alama ya mbuzi huyo. Siku ya tatu Eedo aliingia. "Nani amechafua ukuta wangu?" Nikamweleza. Eedo hakujua kusoma, wala mimi sikujua wakati ule, lakini alisimama mbele ya ile mistari kwa muda, mikono nyuma, kama kadhi mbele ya kitabu. "Wa mahindi wamepanda," alisema. Nikajibu kwamba ndiyo, lakini debe moja la mahindi lingekula fedha za maziwa mengi kuliko yale ambayo lingeleta. "Wa pumba matumbo yamejaa, kibuyu hakijajaa." Ndivyo. "Na wa mtama?" Wa mtama hawakuwa wamepanda hata mstari mmoja, nami sikuelewa kwa nini, maana walikula vizuri na masikio yao yalisimama.

Jibu lililetwa na Mwanaidi bila yeye kujua. Jioni moja nilipompelekea Athumani kikombe chake, alinishukuru kwa kuwalisha kuku wake. "Kuku gani, dada?" "Hawa wangu. Wanashinda kwenu siku hizi, tazama walivyonona. Leo wametaga mayai saba!" Nilirudi zizini mbio. Kweli, kuku wa Lamu walikuwa wakiwafuata wale mbuzi wawili wa mtama nyuma nyuma, kama waumini nyuma ya sheikh, wakidonoa mavi. Niliokota kinyesi kimoja, nikakipasua. Ndani mlikuwa na punje nyekundu, nzima, safi kama zilivyoingia. Mtama wangu wote, malengelenge yangu yote, yalikuwa yakipita ndani ya mbuzi kama abiria na kushukia kwa Mwanaidi! Nilikaa chini vumbini, nikacheka mpaka Eedo akaja kuuliza, nami nikamwonyesha, naye akacheka mpaka akashika ukuta, na Mwanaidi akaja na mtoto begani, tukacheka watatu, na Athumani akatutazama kwa mshangao. "Mtama ni mgumu," alisema Mwanaidi alipopata pumzi. "Kwetu hauliwi bila kuparazwa."

Kuparaza! Kusaga kidogo tu, punje ivunjike bila kuwa unga. Eedo alitoa jiwe la kusagia la mama yake, ambalo halikuwa limetumika miaka mingi, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyeparaza, kwa mikono yake mwenyewe, akiimba. Tuliuloweka mtama uliovunjwa usiku kucha, asubuhi tukauchanganya na pumba, sehemu moja ya mtama kwa mbili za pumba, na chumvi kidogo, tukawapa baada ya kula majani na wala si kabla, konzi mbili kwa kila mbuzi, siku za kwanza nusu ya hapo ili matumbo yazoee. Wiki ya kwanza mstari mmoja uliongezeka. Wiki ya pili, miwili. Siku moja niliamka nikamkuta Eedo ukutani na kipande cha mkaa mkononi, akichora mwenyewe, na aliponiona akajifanya anafuta utando wa buibui.

Watu nao walisema. Nilikuwa nyuma ya mkeka siku wanawake watatu wa mtaani walipokuja kunywa chai, nikasikia mmoja akishusha sauti. "Safiya, tumesikia binti wa kaka yako anatwanga kwa watu wa mtoni. Binti wa wenye ngamia." Nilisikia Eedo akimimina chai, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila haraka. "Mna maziwa kwenye chai yenu?" aliuliza. Wakasema wanayo, mashallah, mazito. "Nyumba ngapi nyingine mtaani hapa zina maziwa leo?" Vikombe vikarudi mkekani. "Basi kunyweni," alisema Eedo, "na mkimaliza, mwiteni, mwombeeni dua mikono yake." Nami nililia pale nyuma ya mkeka, midomo nimeifunika kwa mtandio.

Mwezi ulipoandama mara ya pili, mnunuzi alikuja kama alivyoahidi, asubuhi, nikiwa ndio kwanza naanza kukama. Alikuwa na watu wawili na kamba. Eedo alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kigoda, akamwambia asubiri kidogo. Nilikama Caddey, nikakama Habeen, na povu likapanda. Eedo hakusema neno. Alikuwa akichukua kikombe kikijaa, akakimimina kibuyuni mbele ya macho ya yule bwana, akanirudishia. Kibuyu cha kwanza. Cha pili. Nilihamia kwa mbuzi wa sita. Cha tatu kilipojaa hadi shingoni, mnunuzi alivua kofia na kujikuna. "Mama, mwaka huu? Umewapa dawa gani?" Eedo alimchotea kikombe cha maziwa, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kunywa, mgeni wangu. Halafu beleka fimbo yako kwingine." Alikinywa chote, na nadhani alifurahi kweli, maana nilipomwambia kuwa ni mtama, kabla hajaondoka aliniuliza mara mbili ni wa rangi gani.

Mvua ya Deyr, ile ya vuli, ilikuja mwaka huo kwa wakati wake, nchi ikawa kijani, Athumani akaota meno mawili na mashavu kama maandazi. Lakini jambo ambalo mimi na Dhahabo tulilicheka zaidi mwezi uliopita, hata Nasra akaogopa kwamba tungefia mkekani, ni harusi ya Dhahabo mwenyewe. Alichumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mto, ambako mbung'o hawakufika, nami nikataka kumpa Habeen. Nilijua Eedo angekataa. Mbuzi wa maziwa hapewi mtu ambaye si wa ukoo. Nilimwambia nikiwa nimetazama chini. Akaenda zizini, akamgusa Habeen kiwele, akasema, "Huyu ni mzuri. Lakini watamuua kwa ujinga. Nitampeleka mwenyewe niwafundishe."

Daraja halikuwapo. Palikuwa na mtumbwi wa gogo, mwembamba kama ganda la mgunga, na Eedo alikuwa hajawahi kukanyaga chombo chochote cha majini katika umri wake wote. Alisimama ukingoni amevaa nguo yake mpya ya rangi ya manjano, akautazama mto, akautazama mtumbwi, akasoma Bismillahi mara tatu, akaingia, na mara ulipotikisika akaketi ghafla na kumkumbatia Habeen shingoni kwa mikono yote miwili. Habeen alikuwa ametulia tuli, anacheua. Wanawake wa mtoni walikuwa wakipiga vigelegele upande wa pili, mpiga kasia anacheka, mimi na Dhahabo tukiwa mtumbwi wa nyuma tumeshikana tusianguke kwa kicheko, na katikati ya mto sauti ya Eedo ikasikika pande zote mbili: "Usimbe mahindi mazima! Mtama ubarazwe kwanza! Na maji, maji mengi!" Alikuwa ameanza kufundisha kabla hajafika, macho ameyafumba. Mtumbwi ulipogusa mchanga, Habeen aliruka nchi kavu, na Eedo, ambaye hakuwa amemwachia, akaruka naye. Alijipangusa tope, akarekebisha mtandio, akamshika mkono mama yake Dhahabo, aliyekuwa ametangulia kuvuka na sasa amekuja kumpokea. "Dada yangu," alisema, akihema, "mimi nilikuja kumbeleka mbuzi. Mbuzi ndiye aliyenileta mimi."